Kucheka na Kupigana: Juu ya Filme "On l'appelle Trinita"

Filme ya kauboi yenye kuchekesha, ilitengenezwa Italia mwaka 1970. Jina lake la Kiitalia: "Lo chiamavano Trinità". Mwongozi: Enzo Barboni, aliyetia sahihi kwa jina la E. B. Clucher. Wachezaji wakubwa: Terence Hill na Bud Spencer. Muziki: Franco Micalizzi. Ya rangi. Inadumu karibu saa mbili. Tumeitazama katika diski, kwa sauti ya Kifaransa.



Wakatekista wawili wa upande wetu wameniuliza swali moja: Je, inafaa kuonyesha filme za kauboi katika sali ya wakristu? Mmoja alikuwa amekwisha kuambia vijana kwamba ni dhambi. Wa pili alikuwa amekwisha kununua diski sokoni Baraka. Nilitaka kuwajibu wote wawili sawasawa, basi siku ya posho jioni tulikusanyika katika sali moja hapa Nundu, tukawasha moteri, tukatazama filme hii toka mwanzo mpaka mwisho, sisi na vijana karibu mia. Ninayoandika hapa yametoka katika jioni ile.

I. Jambo hili si geni kwetu

Wafratri wengine wanafikiri sinema ni taabu ya siku hizi tu. Sivyo. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa, walitazama kauboi wa Marekani, wakapenda Buffalo Bill kupita kiasi, wakajiita "Bills". Walivaa kama kauboi, wakagawanya mitaa ya mji sawasawa na nchi za Far West, wakaanza kupigana mtaa kwa mtaa, wakatunga hata lugha yao wenyewe. Serikali ya kikoloni ilikuwa inakagua filme za Waafrika, lakini ukaguzi haukuwazuia vijana. Aliyefika karibu nao ni mumisioneri mmoja wa Scheut, Padri Jozef de Laet. Alikaa nao, akajua lugha yao, nao wakamwita Père Buffalo. Katika miaka ile ile, huko Kasai, Padri Albert Van Haelst alitengeneza filme za kuchekesha za watu wawili, Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwingine mwembamba. Wazee wa Kasai walicheka sana juu yao.

Kanisa nalo halikunyamaza. Pio XI aliandika "Vigilanti Cura" mwaka 1936, Pio XII "Miranda Prorsus" mwaka 1957, na Mtaguso ukatoa "Inter Mirifica" mwaka 1963. Tukizisoma barua hizi tutaona kwamba zinatuomba mambo mawili pamoja: kukinga roho za watu, na kufundisha watu kutazama. Mara nyingi tunashika la kwanza na kusahau la pili. Mwenye kukataza tu, vijana wake watatazama kwa siri, tena bila mtu wa kuwaeleza neno.

II. Hadithi

Trinita ni mtu mwenye kupiga bunduki upesi kupita wote, lakini ni mvivu ajabu. Tunamwona mara ya kwanza amelala juu ya kitanda cha miti kinachovutwa na farasi wake, viatu vimetoboka, nguo ni vumbi tupu. Anaingia katika nyumba ya chakula, anapewa sufuria la maharagi, anakula yote, anapangusa sufuria kwa mkate mpaka linang'aa. Vijana wetu walianza kucheka hapo. Wanajua njaa, na wanajua maharagi.

Kisha anafika katika mji mmoja na kukuta ndugu yake Bambino, mtu mkubwa kama ngome, anavaa nyota ya polisi. Kumbe ni mwizi. Alimpiga bunduki polisi wa kweli njiani, akashika nafasi yake, na sasa anangoja wenzake waje waibe farasi. Karibu na mji ule kuna bonde zuri. Wakulima wa dini ya Wamormoni wamefika humo na magari yao, wanataka kujenga na kulima. Lakini tajiri mmoja anayeitwa Meja Harriman anataka bonde lile kwa malisho ya farasi zake, naye anatuma watu wake kuwafukuza. Tena kuna mnyanganyi mmoja wa Meksiko, Mezcal, anayekuja kula chakula chao na kuwapiga makofi. Wamormoni hawajibu. Mzee wao Tobias amewafundisha kwamba mtu wa Mungu hashiki silaha.

Trinita anawahurumia, zaidi sana kwa sababu ya wasichana wawili wa kule, Sarah na Judith. Anamvuta ndugu yake kuwasaidia. Wale wezi wawili wanawafundisha wakulima kupigana ngumi, na mwishoni kunakuwa ugomvi mkubwa, meza na viti vinaruka, Meja anashindwa. Bambino anapotaka kuchukua farasi, anakuta Wamormoni wamekwisha kuzipiga chapa yao. Trinita naye anafikiri atabaki pale na kuoa, lakini anaposikia kwamba maisha ya kule ni kutumika toka asubuhi mpaka jioni, anakimbia nyuma ya ndugu yake.

III. Mema ya filme hii

Ili kuhukumu mchezo wa kuchekesha, hatuna mwalimu bora kuliko Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Katika "Summa", sehemu ya pili ya pili, swali la 168, anauliza kama kuna fadhila katika mchezo. Anajibu ndiyo. Roho inachoka kama mwili, na mapumziko ya roho ni furaha. Anakumbusha habari ya Mtakatifu Yoane Mwinjili, aliyewaonyesha watu kwamba upinde ukivutwa siku zote bila kulegezwa utavunjika. Lakini anatia masharti matatu: mchezo usiwe na neno au tendo la aibu au la kudhuru, roho isipoteze uzito wake wote, na mchezo ulingane na mtu, wakati na pahali. Masharti haya matatu yatatuongoza.

Tuseme kwanza mema. Barboni alikuwa mpiga picha mbele ya kuwa mwongozi. Yeye ndiye aliyepiga picha za "Django" mwaka 1966. Alijua vizuri filme za Italia za wakati ule, ambamo watu wanauawa kama nzi na hakuna anayelia. Katika filme hii alichukua watu wale wale, kofia zile zile, vumbi lile lile, akaweka kofi pahali pa risasi. Mtu mbaya akipigwa anaanguka, anaamka, anashika kichwa, anaondoka. Kiburi cha mwenye bunduki kinafanywa mchezo. Kijana aliyekwisha kuona bunduki za kweli barabarani anapata nafasi ya kucheka wenye kujivuna nazo. Hiyo si kazi ndogo.

Wachezaji wawili wanapatana sana. Terence Hill, jina lake la kuzaliwa Mario Girotti, ana macho ya mtoto aliyeiba sukari. Bud Spencer, Carlo Pedersoli wa Napoli, alikuwa mwogeleaji wa Italia katika michezo ya Olimpiki ya 1952 na 1956. Alikufa mwaka 2016. Yeye hasemi mingi. Anakunja uso tu, na sali yote inajua kwamba mtu fulani ataruka dirishani. Wapadri watafurahi kujua kwamba Terence Hill baadaye alivaa kanzu: alicheza Don Camillo mwaka 1983, na toka mwaka 2000 mpaka 2022 alikuwa padri Don Matteo katika televizyo ya Italia.

Neno moja juu ya diski yenyewe. Picha ya filme hii ni pana sana. Katika kaseti za zamani pande zake zilikatwa, hata ukaona mkono unaopiga bila kuona uso unaopigwa. Katika diski picha ni nzima, na rangi ya vumbi na ya majani inaonekana vizuri. Muziki wa Micalizzi, wenye kupigwa mluzi, ni mzuri. Mwongozi mmoja wa Marekani, Quentin Tarantino, aliutumia tena katika filme yake ya 2012.

Kuhusu lugha: vijana wetu wengi hawasikii Kifaransa cha haraka. Basi kijana mmoja alisimama kando ya ekra na kueleza kwa Kiswahili, na mara kwa mara kwa Kibembe. Fratri mmoja alikunja uso, akasema kwamba hii inaharibu kazi ya wenyewe. Nilimjibu: katika filme za Italia za wakati ule sauti zilitiwa baadaye, na hata katika Kiitalia Terence Hill na Bud Spencer hawakusema kwa sauti zao wenyewe, watu wengine waliwasemea. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, Lufufu alipata sifa kubwa kwa kueleza filme kwa Kiswahili. Kosa si kueleza. Kosa ni kueleza uongo. Mfasiri wetu alimpa Meja jina ambalo halimo katika filme, na hapo ndipo taabu ilianza, kama nitakavyosema.

IV. Makosa madogo

Jina takatifu la Utatu limepewa mtu mvivu mwenye kuitwa pia "mkono wa kuume wa shetani". Waitalia wamezoea kutia majina ya dini katika mambo yote. Hawakukusudia matukano, lakini mkatekista atangulie kuwaeleza watoto.

Watu wachache wanauawa katika sehemu ya kwanza, na filme inapita juu ya maiti zao kama juu ya mawe. Hilo ni mazoea ya zamani ambayo Barboni hakuyaacha kabisa.

Mzaha wa Trinita na wasichana wawili ni mzaha juu ya ndoa ya wake wengi. Kwetu, pahali ambapo mkatekista anatumika miaka mingi kusaidia mwanamume mmoja kuchagua, mzaha huu una uzito mwingine.

Tena filme haisemi kweli juu ya Wamormoni. Dini yao ilianzishwa na Joseph Smith mwaka 1830 huko Marekani. Ni kweli walifukuzwa mara nyingi katika mashamba yao: Missouri mwaka 1838, na Smith mwenyewe aliuawa mwaka 1844. Lakini kukataa silaha hakukuwa sheria yao. Walikuwa hata na jeshi lao. Na viongozi wao waliacha ndoa ya wake wengi mwaka 1890. Leo wana hekalu Kinshasa toka 2019, nao ni majirani wa wakristu wetu. Hatuna mafundisho sawa, lakini inafaa tuwaseme kwa haki.

V. Jambo kubwa: ngumi ya mtu wa Mungu

Sasa tufike katika moyo wa jambo. Mzee Tobias anakataa kupigana mpaka watu wake wamepigwa sana. Kisha anatafuta katika Biblia neno la kumpa ruhusa, analipata, naye anaingia katika ugomvi kwa furaha. Sali yote ilipiga makelele ya shangwe. Mimi pia nilicheka. Lakini tuangalie vizuri.

Tobias anafanya kile tunachokatazwa katika darasa la kwanza la Maandiko: anaamua kwanza, kisha anatafuta mstari. Hata sura ya tatu ya kitabu cha Mhubiri, inayotaja wakati wa vita na wakati wa amani, haimpi mtu amri ya kupiga. Inaonyesha kwamba nyakati zote zimo mikononi mwa Mungu, na kwamba mtu hazijui. Ni sala ya unyenyekevu. Haifai kuwa kibali cha bunduki.

Je, basi wakulima wangeacha watoto wao wapigwe? Kanisa halisemi hivyo. Mtakatifu Tomaso, swali la 64, kifungu cha saba, anafundisha kwamba mtu anaweza kujikinga, lakini kwa kipimo: asitumie nguvu kupita inayohitajiwa. Katika swali la 40 anaongeza kwamba watumishi wa altare hawapaswi kupigana, kwa sababu wanashika mikononi kumbukumbu la mateso ya Kristu. Tobias kama baba wa jamaa anaweza kumkinga mtoto wake. Tobias kama mchungaji mwenye kuongoza ugomvi kwa Biblia mkononi amekosa nafasi yake.

Sisi wa Fizi na Baraka hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta mifano. Kapitani Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, alifika Mpala kwenye ziwa hili la Tanganyika katika miaka ya 1880, akashika bunduki kukinga watu na wenye kuteka watumwa. Alimwoa Agnes Atakaye, akabaki huku mpaka kufa kwake mwaka 1927. Mtoto wao Albert, aliyezaliwa mwaka 1908, akawa padri. Tarehe 28 novemba 1964 waasi walifika Baraka. Walimpiga risasi Mfratri Vittorio Faccin. Padri Luigi Carrara alikuwa katika kanisa akisikiliza maungamo. Alitoka, akapiga magoti karibu na mwili wa ndugu yake, akauawa pale. Jioni ya siku ile ile, Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Hawakuwa na silaha. Tarehe 18 agosti 2024, Uvira, Kardinali Ambongo aliwatangaza wenye heri kwa jina la Baba Mtakatifu.

Baba alishika bunduki ili watu wadhaifu wasitekwe. Mtoto, aliyekuwa padri, alikufa mikono mitupu. Sithubutu kusema kwamba mmoja anamhukumu mwingine. Kila mmoja alifuata wito wake. Lakini ni vema vijana wetu wajue kwamba tunao wote wawili katika jamaa moja, juu ya ziwa moja, na kwamba Kanisa limeweka altareni yule wa pili.

Sasa niseme lililotokea. Wakati wa ugomvi wa mwisho, mfasiri wetu alimwita Meja kwa jina la kabila moja la majirani zetu, wenye kuchunga ngombe. Vijana wakaanza kulipiga makelele jina lile. Sali ilibadilika. Watu walikuwa bado wanacheka, lakini kicheko kilikuwa kimepata meno. Nilizima mashine.

Nikawauliza: "Meja huyu ana mama? Ana watoto? Mmewaona?" Wakanyamaza. Kweli, katika filme yote Meja hana nyumba wala jamaa. Ana kofia na farasi tu. Mchezo wa kuchekesha unahitaji mtu wa namna hii, ili tumpige bila kumhurumia. Lakini Mungu hakuumba mtu wa namna hii. Jirani mwenye ngombe ana mama. Jirani mwenye shamba ana mama. Ugomvi wa malisho na mashamba ni ugomvi wa kweli, una haki na makosa pande zote, na unahitaji wazee wa kuketi chini, si wimbo wa sinema.

Mzee mmoja mkatekista aliomba neno. Alisema: "Padri, katika filme hii watu wote wamepigana, na kesho yake hakuna aliyezikwa. Sisi tumezika." Hakuongeza neno. Hakuna mtu wa Nundu asiyejua barabara ya Makobola, na yaliyotokea huko mwisho wa mwaka 1998, watu walipouawa kwa mamia.

Nikawasha tena, tukamaliza. Na hapo niliona kosa lingine, ambalo naliona kubwa kuliko ngumi. Wamormoni wamezipiga farasi chapa yao. Sali ilicheka, na mzaha wenyewe ni mwepesi: mwizi ameibiwa na watu wa Mungu. Lakini farasi zilikuwa za Meja. Mtu akishinda, je, mali ya mwenye kushindwa inakuwa takatifu kwa kutiwa chapa ya dini? Katika milima yetu ngombe zilizoibwa zimechoma vijiji vingi. Ngumi ya kujikinga inaweza kuwa na haki yake. Chapa juu ya mali ya mtu mwingine haina haki, hata ikiwa na sura ya Amri Kumi. Amri ya saba imo ndani yao.

VI. Shauri

Turudi kwa masharti matatu ya Mtakatifu Tomaso. Kwa sharti la kwanza, filme ina aibu kidogo, na mtu mwenye busara anaweza kuieleza. Kwa sharti la pili, haiharibu uzito wa roho. Mimi nilisali Brevyari yangu kisha filme bila taabu, ingawa sufuria la maharagi lilirudi mara mbili katika zaburi. Sharti la tatu ndilo gumu: mtu, wakati, pahali. Filme moja ni mapumziko matupu kwa watu wa Roma, na ni kiberiti kwa watu wenye nyasi kavu.

Kwa hiyo nasema hivi kwa wapadri na wakatekista:

1. Filme hii ni ya watu wazima na vijana wakubwa. Watoto wasiitazame peke yao.

2. Msiionyeshe wakati kuna ugomvi mpya wa ngombe na mashamba katika kijiji. Ngojeni.

3. Mfasiri aitazame mbele ya wengine, na aagizwe: asitie jina la mtu, wala la kabila, wala la kijiji chochote.

4. Kisha filme, watu wasitawanyike upesi. Waulizwe maswali mawili: Meja angeweza kupata malisho namna gani bila kufukuza watu? Na farasi zile zingepaswa kurudi kwa nani?

5. Kama inawezekana, na waalikwe vijana wa pande zote mbili, waketi pamoja.

Shauri la tano hatujalifanya bado. Sali yetu jioni ile ilikuwa ya upande mmoja tu, na kweli nilipaswa kufikiri jambo hilo mbele ya kuwasha mashine. Nimekwisha kuwaandikia wenzetu wa upande mwingine kuwaalika kwa mara ya pili. Diski ingali kwangu.

Tumsifu Yezu Kristu.